Nani Mwingine Nyumbani Anajikuna?

Mwaka 1978 nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja katika bonde la Muheza, mkoani Tanga. Cheo changu kilikuwa mganga msaidizi wa vijijini, ingawa wanakijiji waliniita dakta bila kuuliza. Dawa za ngozi zilikaa kwenye rafu ya chini karibu na mlango: BBE ya upele, mafuta ya Whitfield ya choa na mapunye, GV ya zambarau kwa kidonda chochote kinachotoa maji, na kalamini ya harara. Aliyekuja na ugonjwa usioingia katika hizo nne alijaribishiwa moja baada ya nyingine hadi apone au achoke.

Foleni ilikuwa na daraja zake. Homa ya mtoto ilitangulia, kisha mama mwenye uchungu, kisha wa kuhara. Mwenye kujikuna alikaa mwisho wa benchi, na yeye mwenyewe aliona ni haki. Hakuna aliyekufa kwa upele, tuliambizana. Chuoni tulifundishwa magonjwa ya ngozi kwa haraka, kutoka kwenye kitabu ambacho picha zake zote zilikuwa za Wazungu. Kiliandika kwamba ngozi iliyovimba huwa nyekundu. Ngozi za watu wangu zikivimba ziligeuka kijivu, au nyeusi kuliko kawaida, au zambarau iliyofifia. Wekundu niliujua kwa jina tu.

Vita vya Kagera vilipomalizika mwaka 1979 nchi ilikuwa imechoka. Dukani hamkuwa na sukari, mafuta wala sabuni, na ikipatikana ilikuwa ya mgawo. Nakumbuka akina mama wakifulia majani ya mpapai. Upele ukajaa. Watoto walikuja shuleni mikono imechubuka kati ya vidole, viganja vimevimba, na walimu wakawarudisha nyumbani. Maelezo yalikuwa tayari midomoni mwa kila mtu, kuanzia mwenyekiti wa kijiji mpaka mimi: hakuna sabuni, kuna uchafu, kwa hiyo kuna upele. Familia zilizougua ziliona haya. Mama alimleta mtoto mmoja, yule aliyefukuzwa shule, akaomba chupa ya BBE.

"Wengine nyumbani wazima, mama?"

"Wazima kabisa, dakta. Ila usiku wanajikuna kidogo."

Mtoto alipakwa, akalia kwa sababu BBE huwasha kama moto juu ya ngozi iliyochubuka, akalala tena kitanda kimoja na ndugu zake. Baada ya majuma machache alikuwa benchini kwangu. Kuanzia mwaka 1983 na 1984 mpango wa dawa muhimu uliosaidiwa na Denmark ulianza kutuletea makasha ya dawa yaliyofungwa, na chupa zikaongezeka. Upele haukupungua kwa kiasi hicho.

Kabla sijaeleza jibu la upele huo lilitoka wapi, niseme juu ya ukoma, maana ndio ugonjwa wa ngozi pekee uliokuwa na mpango, fedha na pikipiki. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Wakati huo dawa ilikuwa dapsoni, kidonge kimoja kila siku, miaka kwa miaka. Wengi waliambiwa watameza maisha yao yote. Wapo walioishi kwenye makambi ya zamani, kama Kindwitwi kule Rufiji, ambako padri Mwingereza Robin Lamburn alikaa nao mpaka uzeeni. Wapo pia waliobaki vijijini na kumeza pale walipokumbuka. Ndivyo vimelea vilivyojifunza kuishi na dapsoni: usugu uliothibitishwa tangu miaka ya 1960 ulikuwa umeenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana kuchanganya dawa tatu: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Wenye mabaka machache walitibiwa kwa miezi sita kwa dawa mbili. Wenye vimelea vingi walitibiwa kwa miaka miwili, muda ambao baadaye ulipunguzwa ukawa miezi kumi na miwili. Dawa zilikuja kwenye pakiti za siku 28, na rangi ya pakiti ilieleza ni za nani: nyekundu na kijani za watu wazima, njano na bluu za watoto. Dozi ya kwanza ya kila mwezi ilimezwa mbele ya mhudumu. Mratibu wa wilaya alipokuja na pikipiki yake, wagonjwa walikusanyika chini ya mwembe, akawatajia majina na kuwaona wakimeza.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani kutoka Pangani, alikataa.

"Mjukuu wangu, nimemeza miaka kumi na mitano. Leo mnaniambia miwili inatosha. Mlikuwa mnanidanganya wakati ule au mnanidanganya sasa?"

"Shikamoo, babu. Hii ni dawa nyingine," mratibu alimjibu.

"Marahaba. Basi na umri wangu nao ni mwingine."

Alimeza hatimaye, baada ya kuona wenzake. Tulilazimika kuwaonya mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya rifampisini, la sivyo wangetupa pakiti. Klofazimini ndiyo iliyotupa taabu zaidi, kwa kuwa iligeuza ngozi kuwa ya hudhurungi iliyokolea, hasa juu ya mabaka. Mwanamke mweupe kidogo alianza kuulizwa kisimani anaumwa nini. Dawa iliyomponya ilimtangaza. Wataalamu waliipima kwa vimelea vilivyokufa, na kwa kipimo hicho ilishinda. Wagonjwa walikuwa na kipimo chao, na mhudumu asiyekijua aliwapoteza katikati ya tiba.

Ndipo ulipokuja Ukimwi, na ngozi ikahama kutoka mwisho wa benchi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwetu Tanga tuliuona ugonjwa kabla ya kuwa na kipimo chake, na tuliuona kwa ngozi. Mkanda wa jeshi, ambao tuliuzoea kwa wazee, ukaanza kuwashika vijana wa miaka ishirini na mitano. Saratani ya Kaposi, niliyoifahamu kama vinundu vya polepole miguuni mwa wazee, ilionekana usoni na ndani ya mdomo, ikaua kwa miezi. Huko Lusaka daktari wa upasuaji Anne Bayley alikuwa ameona jambo hilohilo mapema na kuliandika mwaka 1984: Kaposi hii si ile ya zamani. Miaka kumi baadaye Yuan Chang na Patrick Moore walikigundua kirusi kinachoisababisha.

Lakini kilichonikaa zaidi moyoni ni habari ya thiasetazoni. Kilikuwa kidonge cha kifua kikuu, kimechanganywa na isoniazidi, na sifa yake kubwa ilikuwa bei nafuu. Mgonjwa alikaa hospitali miezi miwili akichomwa sindano na kumeza dawa kali, kisha akarudi kijijini na vidonge hivyo kwa miezi sita. Mpango huo, ulioongozwa na ushauri wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo, ulisifiwa duniani, na kwa haki: watu walikuwa wanapona kifua kikuu katika nchi maskini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya waliorudi kijijini walianza kuletwa tena kwa machela. Macho yamefunga kwa usaha, midomo imebabuka, ngozi ya mgongo inavuka ukimgusa kana kwamba amemwagiwa uji wa moto. Kitabu kiliniambia nitafute wekundu wa ghafla mwanzoni. Sikuweza kuuona juu ya ngozi nyeusi, na ulipodhihirika alikuwa tayari anapoteza maji na chumvi kama aliyeungua. Kijijini walisema dawa za hospitali ndizo zilizomwua. Walikuwa sahihi.

Uthibitisho ulitoka Nairobi. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu huko walichapisha matokeo yao: miongoni mwa wenye virusi vya Ukimwi, karibu mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi kwa thiasetazoni; miongoni mwa wasio na virusi, ilikuwa kama mmoja kwa mia. Wapo waliofariki. Muda si mrefu Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo dhidi ya kuwapa dawa hiyo wenye virusi, na ethambutoli, yenye gharama zaidi, ikachukua nafasi yake mahali pengi. Nilijifunza kutoka kwenye kadhia hiyo kwamba utafiti wa ngozi hauhitaji kila mara hadubini mpya. Watu wale walihesabu nani amedhurika na nani hakudhurika, kisha wakauliza wanatofautiana kwa nini. Tulikuwa na madaftari ya kutosha katika kila zahanati kuuliza maswali kama hayo.

Katikati ya miaka ya 1990 nilipelekwa Moshi. Mwaka 1992 kilikuwa kimefunguliwa pale hospitali ya KCMC kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kwa juhudi za jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa ngozi pamoja na serikali yetu, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mjerumani, Henning Grossmann. Wazo la kituo hicho lilikuwa la kishupavu kwa wakati ule. Madaktari bingwa wa ngozi nchini walihesabika kwa vidole na wote walikuwa mijini. Badala ya kungoja waongezeke, kituo kiliwachukua maafisa tabibu na wauguzi, kikawafunza miaka miwili, kikawarudisha wilayani. Darasani nilikaa na wenzangu kutoka Uganda, Malawi, Zambia na Ethiopia, na kila mmoja alikuwa na jina lake la upele.

Somo la kwanza lilikuwa kutazama. Mgonjwa anavua nguo, unamtazama mwili mzima kwenye mwanga wa dirisha, unamgusa kwa vidole visivyo na glavu pale inaporuhusiwa. Bibi mmoja alilia alipoguswa baka la mgongoni. Hakuumia: hakuwa ameguswa na mtu kwa muda mrefu. Kisha unauliza. Pale ndipo nilipopata jibu la chupa zangu za BBE.

Mwalimu alitusimulia majaribio ya Kenneth Mellanby, aliyoyaanza Sheffield, Uingereza, mwaka 1941, wakati jeshi lilikuwa linasumbuliwa na upele. Aliwapata vijana waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri, akawalaza uchi kwenye mablanketi yaliyotoka kwa wanajeshi wenye upele na kuwavisha nguo zao za ndani. Karibu wote hawakuambukizwa. Walioshiriki kitanda na mgonjwa ndio walioambukizwa. Akahesabu wadudu pia, akakuta kwamba mgonjwa wa kawaida ana majike kumi au kumi na mawili tu mwilini, licha ya kujikuna usiku kucha.

Nilikaa kimya nikiwaza kijiji changu na majani yake ya mpapai. Sabuni ilikuwa imebebeshwa lawama isiyokuwa yake yote. Upele ulipita kutoka ngozi hadi ngozi, kwenye vitanda ambavyo watoto wanne walilala pamoja. Uchunguzi wa Steven Gibbs katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1996, ulikwenda njia hiyohiyo: zaidi ya robo ya wanakijiji walikuwa na ugonjwa wa ngozi unaotibika, na ule wa kuambukiza ulifuata msongamano wa watu ndani ya nyumba. Niliporudi wilayani nilikataa kutoa chupa moja kwa mtoto mmoja. Niliuliza nani mwingine nyumbani anajikuna, nani analala na nani, na nikaomba waje wote siku moja, pamoja na baba. Akina baba walichukia. Lakini haya ilipungua nilipowaambia kwamba upele haukufuata uchafu, ulifuata kukumbatiana.

Miaka iliyofuata swali hilo lilipanuka kupita nilivyotarajia. Zanzibar ilianza mwaka 2001 kugawa ivermektini na albendazoli kwa watu wote kila mwaka ili kuondoa matende na mabusha. Upele haukuwa kwenye mpango. Watafiti walipofungua baadaye madaftari ya vituo vya afya, walikuta kwamba ndani ya miaka mitano wagonjwa wa upele walikuwa wamepungua kwa asilimia 68 hadi 98, kutegemea mahali. Kidonge kilichomezwa na majirani wote kilifanya kazi ambayo chupa zangu hazikuweza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto. Aliyekuwa mwisho wa benchi akaandikwa Geneva.

Ukoma nao ulifuata njia ya nyumba. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa watu 10,000, na wengi wakadhani umekwisha. Haujakwisha, bado unagunduliwa kila mwaka. Sasa mhudumu akimpata mgonjwa anawachunguza wanaoishi naye, na tangu mwongozo wa mwaka 2018 anaweza kuwapa dozi moja ya rifampisini ya kinga. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu mbinu hiyo.

Huko Uganda swali liligeukia wadudu wanaouma. Wagonjwa wengi wa Ukimwi walikuwa na vipele vigumu vinavyowasha mikononi na miguuni, na tulidhani ni virusi vyenyewe. Mwaka 2004 watafiti walikata vipande vya ngozi, wakakuta kwa wengi alama za kuumwa na wadudu: kinga iliyovurugika ilikuwa inapokea kuumwa huko kwa ghadhabu. Mwaka huohuo dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini kwetu, na ngozi za wagonjwa wangu zikasafika mbele ya macho yangu. Kitabu kipya pia kilikuwa kimefika, cha Colette van Hees na Ben Naafs cha mwaka 2001, chenye picha za ngozi za Kiafrika. Vijana walikifungua bila kustaajabu. Mimi nilikifungua ukurasa baada ya ukurasa kama anayetafuta jamaa zake kwenye picha ya harusi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya watu wenye ualbino. Utafiti wa Jeff Luande na wenzake, uliochapishwa mwaka 1985, ulikuwa umeonyesha kwamba ngozi zao huharibiwa na jua tangu utotoni na wengi hawafiki umri wa kati kwa sababu ya saratani. Dunia ilikuja kuzisikia habari zao kwa mauaji ya kikatili yaliyofanywa kwa imani za uchawi. Sisi tuliokwenda na kliniki za kuhamahama kutoka Moshi tulijua kwamba jua linawaua wengi zaidi, kimyakimya, kuanzia sikioni na kwenye mdomo wa chini. Tuligandisha madoa ya mwanzo kwa nitrojeni ya maji. Madoa makubwa yalihitaji upasuaji, na nauli ya basi iliamua nani ataupata.

Pale nilijifunza kwamba daktari wa ngozi anapaswa kuzungumza na mwalimu mkuu. Kuna shule zilizokataza kofia kwa kuwa si sehemu ya sare. Mtoto asiyeona ubao vizuri aliachishwa masomo, akapewa jembe, na jembe likamweka juani mpaka kufa. Kofia pana, mikono mirefu, kiti cha mbele darasani na kazi ya kivulini vilikuwa tiba kama ilivyo losheni. Losheni yenyewe kwa muda mrefu ilikuwa msaada wa kubahatisha kutoka Ulaya, chupa za kila aina, nyingine zimepitwa na tarehe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mfamasia Mhispania, Mafalda Soto, na wenzake wa Moshi walianza kutengeneza losheni palepale KCMC, wakaiita KiliSun, na miongoni mwa waliofanya kazi ya kuitengeneza walikuwamo watu wenye ualbino. Watumiaji waliulizwa wanaitaka iweje. Hilo peke yake lilikuwa mapinduzi.

Siku hizi sina zahanati, lakini watu bado huniletea ngozi zao barazani. Upele umepungua. Kinachonijia zaidi ni mkorogo. Madaktari wa Nairobi walionya tangu mwaka 1972 kwamba krimu za kujichubua zenye zebaki zilikuwa zinaharibu figo za wanawake mjini humo, na krimu hizo zimepigwa marufuku mara kadhaa kwenye maduka yetu. Zebaki ikiondoka, haidrokwinoni hushika nafasi. Haidrokwinoni ikibanwa, huja steroidi kali ndani ya mirija yenye picha ya ua. Kijana mwenye choa anaambiwa na muuza duka apake mrija huohuo. Muwasho unakwisha kwa siku mbili, choa inaenea chini kwa chini, na ngozi inabaki nyembamba yenye mistari.

Maafisa tabibu vijana wanaokuja kunisalimia huniuliza watumie dawa gani kwa wagonjwa hao. Huwajibu kwamba waahirishe dawa kwanza. Wamwambie mgonjwa arudi kesho na kila mrija, kopo na sabuni aliyonayo nyumbani, hata zile za dada yake, waviweke mezani na kusoma nyuma ya kila kimoja. Nusu ya tiba huwa ni kumwachisha kitu alichouziwa, na nusu nyingine ni kujua duka gani limeuza, ili mganga mkuu wa wilaya aende huko kabla mtaa mzima haujapakwa.